Neno la Tatu

Usiku wa jana niliota ng'ombe ameumeza mkono wangu wa kulia mpaka kwenye kiwiko, na wala sikushtuka. Nilimuuliza tu kama unamkaba.

"Haukabi," alijibu kwa shida kidogo, maana mdomo ulikuwa umejaa. "Ndiyo kazi yangu."

Hapo nikamtambua. Alikuwa mfuko wangu wa mala. Sisi Wahindu tunaposoma mantra, yale maneno ya sala ya kurudiarudia, mala, yaani ule ushanga wa punje mia na nane, tunauficha ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa, na tangu enzi za mababu mfuko huo unaitwa mdomo wa ng'ombe. Wangu niliushona mwenyewe, mwekundu wenye maua ya njano. Ng'ombe naye alikuwa mwekundu mwenye maua ya njano, na ubavuni alikuwa na mshono wangu, ule uliopinda.

Kabla sijaendelea na ndoto, niseme kidogo mambo ya nikiwa macho. Miaka arobaini na mitatu iliyopita, wiki moja kabla sijaolewa hapa Mwanza, guru wetu, mwalimu wetu wa dini, alininong'oneza mantra kwenye sikio la kulia. Maneno manne. Akasema ni yangu peke yangu, nisimwambie mtu. Kwa hiyo hapa siyataji, msinisumbue. Nimeyasema kila asubuhi, nikiwa mzima na nikiwa na homa, nikiwa na furaha na nikiwa nimefiwa.

Mwaka huu, baada ya masika, nikapatwa na kiharusi kidogo. Mdomo ulirudi mahali pake. Mguu ulirudi. Neno la tatu halikurudi. Ninalo la kwanza, ninalo la pili, halafu shimo, halafu la nne. Guru ameshafariki, na kumuuliza mtu mwingine siwezi, kwani siri ni siri. Wiki ya sita sasa nakaa kwenye kigoda changu nikivuta punje bila kitu ndani yake, na watu wa nyumbani wanadhani naomba. Mimi nawaza: kama limeondoka hilo nililolisema miaka yote hiyo, kesho litaondoka lipi? Majina ya wajukuu?

Basi, turudi kwa ng'ombe.

"Twende tukalitafute," akasema.

Nikaenda. Mkono wangu ulikuwa kwake, sikuwa na pa kubaki.

Kidole changu cha shahada kilikuwa nje, kimechomoza kwenye tundu la pua yake. Ndivyo inavyotakiwa. Punje zinavutwa kwa dole gumba na kidole cha kati, na hicho cha shahada hakiruhusiwi kuzigusa. Kilikuwa kimenuna.

"Chumvi naionja mimi," kikasema. "Sindano naisukuma mimi. Mtoto akilala kimya mno, napelekwa mimi chini ya pua yake nikaangalie kama anapumua. Likija jina la Mungu, naambiwa nisimame nje kama kiatu."

"Wewe unanyooshea watu," ng'ombe akakiambia.

"Na njia nani angewaonyesha?"

"Nyamazeni nyote wawili," nikasema, lakini kwa upole, maana mmoja alikuwa mgeni wangu na mwingine alikuwa kidole changu.

Tukaanza na kigoda, kwa kuwa ndicho kilichonisikia kwa karibu kuliko vyote.

"Kigoda, neno langu la tatu ni lipi?"

"Nalijua vizuri sana, Ba," kikasema. Ba ndilo jina wanaloniita nyumbani, mama mzee.

"Niambie basi."

"Siwezi. Ni siri."

"Ni siri yangu!"

"Ndiyo. Ndiyo maana naitunza hivi." Kikanyoosha miguu yake mitatu kwa heshima. "Umenikalia miaka arobaini na mitatu ukinifundisha kwamba jambo hili halisemwi. Leo nikuangushe?"

Sikuweza kukikasirikia. Kigoda kilicholelewa vizuri ni baraka.

Nikaenda kwenye bomba la uani. Niliwaza kwamba kitu kinachovuja tangu mume wangu yuko hai hakiwezi kutunza siri. Nilipofika bomba lilikuwa linaenda tone, tone, tone. Nikaliuliza. Likafunga kabisa. Mafundi watatu walishindwa kulifunga bomba lile, na siri yangu ikalifunga kwa swali moja. Nikalishukuru hata hivyo, maji ni maji.

Nafungua mlango wa stoo nichukue fimbo, na ndani si stoo, ni ngazi za hekalu letu. Viatu vimepangwa chini kama kawaida. Ndala zangu za bluu zimo, zinapiga soga na viatu vya watu.

"Sisi haturuhusiwi kuingia," ndala ya kushoto inasema, "lakini masikio tunayo. Lile neno la tatu, jamani, ni tamu!"

"Nyamaza wewe!" inasema ya kulia.

"Kwani nimelitaja? Nimesema ni tamu."

"Naomba mniambie," nikasema. "Ni mimi, mwenyewe."

Ya kulia ikanitazama kutoka chini. "Sisi tunalijua kuliko wewe. Sisi tulikuwa tunasikiliza. Wewe ulikuwa unawaza vitunguu."

"Mara mojamoja tu."

"Kila siku, punje ya arobaini. Vitunguu, halafu mtungi wa gesi, halafu kama Hansa amekula."

Hansa ni mke wa mwanangu. Akishaanza kuwahudumia watu mezani husahau tumbo lake. Sikuona ubaya wa kumuwaza, lakini mbele ya viatu vya wageni niliona haya kidogo.

"Tusibishane na viatu," ng'ombe akaninong'oneza, na nong'ono lake lilinilowesha mpaka begani.

Tukapanda ngazi, na ngazi ya mwisho ilikuwa jiwe. Mbele ya jiwe hilo kulikuwa na jiwe jingine, na jingine, mawe makubwa ya duara kama yale ya vilima vya Mwanza, yamepangwa njia nzima. Hakuna hata moja lililokaa chini. Yote yalining'inia kiasi cha shubiri moja juu ya udongo, kwa sababu mala haitakiwi kugusa ardhi.

"Mia na nane," ng'ombe akasema. "Kila jiwe mantra moja. Usiposema, halikupokei."

Nikasema neno la kwanza, mguu wa kulia ukakanyaga. Nikasema la pili, mguu wa kushoto ukakanyaga. Nikafika kwenye shimo, nikasema "mmm", na jiwe likateleza kama sabuni. Ng'ombe akaniinua kwa mkono aliokuwa nao. Nikasema la nne, tukavuka. Hivyo hivyo mara mia na saba nyingine. Hakulalamika hata mara moja. Ng'ombe yule Mungu ambariki, kama ng'ombe wa kitambaa hubarikiwa.

Jiwe la mwisho, nje ya hesabu, lilikuwa kubwa kuliko yote. Lilikuwa na kofia ya askari, na kisogoni lina kishungi cha nyuzi nyekundu.

"Simama, mama. Hapa hapavukwi."

"Natafuta neno langu. Labda liko ng'ambo yako."

"Ng'ambo yangu hakuna kitu. Mimi ndiye punje kubwa, na mkubwa harukwi kichwa. Ukinifikia unageuka, unarudi ulikotoka. Hujafundishwa?"

"Nimefundishwa, baba. Nimekuwa nikigeuka hapa kwako miaka arobaini na mitatu."

"Vilivyogeuka ni vidole," jiwe likasema. "Wewe mwenyewe hujageuka hata siku moja. Geuka."

Kugeuka si mchezo ukiwa na ng'ombe. Alikuwa mrefu, na jiwe tulilosimama juu yake lilikuwa dogo. Askari akavua kofia akaanza kutuelekeza kama anaelekeza lori la pamba: "Rudi nyuma, rudi, kata kushoto, kata, mkia! Angalia mkia! Haya, njoo." Mara tatu tulirudi nyuma, mara tatu tukaja mbele. Tulipomaliza, mbele yetu hakukuwa na njia tuliyopita. Kulikuwa na ukungu.

"Tunaelekea wapi sasa?" nikauliza.

Dole gumba halikujua. Kidole cha kati hakikujua, vyote viwili vilikuwa gizani mdomoni. Ndipo kile cha shahada kikajinyoosha puani mwa ng'ombe.

"Kule," kikasema.

Tukafuata. Kikatupitisha jiwe moja baada ya jingine mpaka tukafika kwenye moja lililokuwa linanuka mvua. Nikalikumbuka kabla sijalikanyaga.

Ilikuwa miaka thelathini na minane iliyopita. Mvua ilinyesha siku tatu, barabara ikakatika, mume wangu alikuwa Shinyanga. Chumba cha uani tulimpangisha mama mmoja wa Kisukuma, jina lake Kwangu, aliyeshona sare za shule. Binti yake, Minza, alikuwa na miaka minne, na surua ilikuwa imempanda mpaka machoni. Mama yake alitoka kwa miguu kutafuta mganga wa zahanati, akaniachia mtoto mapajani. Nilimpa maji. Nilimwimbia nyimbo zote ninazozijua, zikaisha. Bado alikuwa anaungua. Nilikuwa sina kitu kingine ndani ya nyumba ile wala ndani yangu, ila kile kimoja nilichokatazwa kumpa mtu. Nikainama nikampa. Nilimnong'oneza sikioni tangu mchana mpaka alasiri, mpaka jasho likamtoka, mpaka mama yake akarudi.

Sikumwambia guru. Sikumwambia mume wangu. Nilijiona mwizi.

Na sasa yuko hapa, juu ya jiwe, anakanda unga kwenye beseni. Ana miaka minne, na pia ana miaka arobaini na miwili, na vyote viwili vimemkaa vizuri.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, mwanangu. Unapika nini?"

"Maandazi. Nina mgahawa Kahama siku hizi." Akamtazama ng'ombe. "Umeanza kufuga?"

"Ananishika mkono tu."

"Vizuri. Karibu wote wawili. Ba, umechelewa! Nimekutunzia kitu chako mpaka mvi zimeanza."

Nikainamisha kichwa. "Nilikosea kukupa, Minza. Kilikuwa siri."

"Na mimi sikumwambia mtu. Nilidhani ni jina la dawa." Akacheka, unga ukaruka. "Mpaka leo sijui ni lugha gani. Maana yake nini?"

Nikamwambia ukweli. Nami nilimuuliza guru hivyo hivyo, akanijibu maana yake nitaijua mdomo ukishazoea.

"Basi mimi ninaijua," akasema Minza. "Nikishikwa na hofu nalisema, hofu inakwenda kukaa pembeni. Haiondoki, lakini inakaa. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa nikilisema."

Ng'ombe alitikisa kichwa kukubali, na mimi nikatikisika naye.

"Unaweza kunirudishia?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Kigoda kimekataa. Bomba limekataa. Hata ndala."

"Hao walisikia tu, Ba. Mimi nilipewa. Aliyepewa anaweza kutoa. Lete sikio."

"Lipi?"

"La kulia. Ndimo ulimonipa na mimi."

Akaja hivyo hivyo, mikono imejaa unga, akalifunika sikio langu kwa viganja viwili kama mtu anayelinda mshumaa. Akanong'ona. La kwanza, nikalikuta pale lilipo. La pili, lipo. La tatu likaingia taratibu, kama mtu wa nyumbani anayerudi safari, ambaye habishi hodi. La nne likalifuata.

Mimi sikulia. Aliyelia ni ng'ombe. Alilia kwa sauti kubwa, na kwa kulia akaufungua mdomo, na mkono wangu ukatoka.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, kunguru wako juu ya bati. Sikuthubutu kusogea. Nikaanza polepole, kama mtu anayepima barafu kwa ulimi: la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nikarudia. Halikutoweka. Nikayajaribu majina ya wajukuu wote sita, na ya mbwa wao. Yote yalikuwepo.

Hansa akaingia na chai ya tangawizi. Nikamwambia akae kitandani.

"Mwanangu, wiki sita nimekuwa nikikudanganya. Nilikuwa navuta punje tupu. Mantra ilikuwa imenipotea."

"Najua, Ba."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Ukiwa unasoma, mguu wako wa kushoto hutikisika kidogo. Ulikuwa umetulia kama wa meza."

"Mbona hukusema?"

"Ungeona aibu." Akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. "Nikawa nachelewesha chai. Nikasema, labda akipata nusu saa zaidi itarudi."

Nami wiki zote hizo nilidhani ni gesi imepungua nguvu! Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha nikajikokota mpaka kwenye kigoda, nikaingiza mkono mfukoni, nikashika punje ya kwanza.

Hansa alikuwa ananifunika shali mabegani. Mara akasimama, akainama upande wangu wa kulia, akagusa sikio langu kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole.

"Ba," akasema, "una unga sikioni."

Akanusa.

"Tena si wetu. Wetu wa chapati ni wa kahawia. Huu ni mweupe, una iliki. Ba? Nani amekupaka unga wa maandazi?"

Nilikuwa nimeshaanza, na aliye katikati ya mala hazungumzi na mtu. Nilimwonyesha tu, kwa macho, mguu wangu wa kushoto.