Gari Lisilobeba Kitu

Jumamosi hiyo ya mwaka wa tisini na sita, Karambu alishuka Nyeri mjini akiwa na kamba ya mkonge kwenye kiondo chake, na shemeji yake Ngatia akimfuata hatua mbili nyuma. Kamba ilikuwa ya Ngatia. Alikuwa ameitoa mwenyewe kwenye zizi lake kule Mukurweini, akaikung'uta kinyesi kikavu, akamkabidhi mjane wa ndugu yake kwa uso wa mtu anayetoa sadaka. Watu wa huko hawaendi kununua ng'ombe mikono mitupu. Muuzaji hufungua kamba yake shingoni mwa mnyama, akaikunja, akarudi nayo kwake, na mnyama huondoka na kamba ya mnunuzi. Ukisahau yako, utamsukuma ng'ombe kwa magoti hadi nyumbani, na njia nzima watu watakucheka.

Shida ni kwamba Karambu hakuwa anakwenda kununua ng'ombe. Alikuwa amesema tu, "Naenda Nyeri kununua kitu yangu," na Ngatia akajijazia mengine. Mjane aliyelipwa kiinua mgongo atanunua nini kama si ng'ombe wa maziwa? Na ng'ombe atalala wapi kama si kwa Ngatia, ambaye tayari ana zizi? Mwanamume huyo alikuwa hodari sana wa kuwamalizia watu sentensi zao, hasa wanawake. Karambu alikuwa amemwacha amalizie kwa miaka mingi, na asubuhi hiyo akamwacha mara moja zaidi.

Karambu alikuwa Mmeru wa Nkubu, aliyeolewa na Kihara akaletwa Mukurweini angali msichana. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha lori la maziwa la ushirika, mwanamke pekee aliyeshika usukani wa lori upande ule, na katika miaka hiyo yote lori lile halikuwahi kubeba maziwa peke yake. Lilibeba kabichi za mchungaji. Lilibeba mbuzi wa mahari pamoja na wazee wa mahari. Lilibeba wanawake wenye uchungu, na mmoja wao akajifungulia pale mteremko wa Gura, alfajiri ya mvua, huku Karambu akimshika mabega na tochi ikiwa kwenye meno. Lilibeba majeneza asiyoweza kuyahesabu. Mwaka uliotangulia lilibeba jeneza la Kihara, na dereva alikuwa Karambu mwenyewe, maana mwingine hakupatikana. Walipofika nyumbani, hata kabla hajavua leso ya kichwa, Ngatia alimwomba arudi mara moja akachukue viti vya kanisa.

Alirudi. Viti alivileta, mia na ishirini. Lakini siku hiyo kitu kilikatika ndani yake, na hakikuungika tena.

Sasa alipita soko bila hata kugeuza shingo, akapita uwanja wa mifugo vilevile. Ngatia akaanza kukohoa kohoa.

"Mama Wendy, soko ya ng'ombe tumepita."

"Nimeona," Karambu akasema.

Akaingia kwenye kichochoro cha mafundi, kule ambako mabati hugongwa kutwa nzima, akasimama mbele ya banda la Theuri.

Theuri alikuwa fundi wa kunyoosha magari yaliyopondeka, mzee wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vilivyopinda kwa nyundo. Ujanani aliosha magari kwa mlowezi mmoja kule Naro Moru. Mzungu yule alikuwa na gari la mashindano, jekundu, lililolala chini, lenye pua ndefu na viti viwili, na hakuna mwafrika aliyeruhusiwa kukalia hata ukingo wake. Kila Jumapili mwenyewe akienda kanisani, Theuri aliliosha, na akishaliosha alilipima kwa uzi wa mkonge, akitia fundo moja kila kipimo: fundo la taa, fundo la gurudumu, fundo la mahali mlango ungeanzia kama mlango ungekuwepo. Uhuru ukaja, mzungu akaondoka na gari lake. Uzi ukabaki.

Miaka ishirini na mingine baadaye alinunua Volkswagen kuukuu iliyopinduka, akaivua bodi yote, akaanza. Mabati aliyapata kwenye mapipa ya mafuta, akayanyoosha kwa mkono. Taa zilitoka kwenye trekta. Kioo cha mbele kilikuwa dirisha la basi, na mbao za dashibodi zilitoka kwenye kabati la mama yake. Ilimchukua miaka minane. Karambu, akipita na lori lake kuja kuunganishwa bomba la moshi au kuzibwa tangi, aliliona gari lile likikua kama mtu anavyomwona mtoto wa jirani: leo lina mabega, mwezi ujao lina uso. Siku moja aliuliza linabeba watu wangapi.

"Wawili," Theuri alimjibu. "Na huyo wa pili akuwe mwembamba."

"Na mzigo?"

"Mzigo hakuna mahali. Engine iko nyuma, tanki iko mbele."

Karambu alicheka hadi Mukurweini. Na alipofika akagundua kwamba hakuwa anacheka tena, alikuwa anatamani. Tangu siku hiyo alilitaka gari lile kwa moyo wake wote, na hakumwambia mtu.

Sasa Theuri alikuwa amevuta turubai, na gari lilikuwa pale juani, rangi ya kijani kibichi, na mkanda wa ngozi umefunga boneti. Ngatia alilizunguka mara mbili akitafuta gari lenyewe liko wapi.

"Hii ni gari ama ni karai ya kuogesha mtoto?" akauliza.

"Ni gari," Karambu akasema. "Ndiyo nimekuja kununua."

Ngatia alimtazama, akatazama kiondo chenye kamba, akaanza kuelewa, na kadiri alivyoelewa ndivyo sauti ilivyompanda.

"Itabeba maziwa wapi?"

"Haibebi."

"Na mbolea?"

"Haibebi."

"Mtu akikuwa mgonjwa usiku je? Mami na uzee wake akikuwa mgonjwa?"

"Mami atakaa hapo kwa kiti. Lakini wewe na bibi yako na mablanketi na sufuria ya uji, mtatafuta gari ingine."

"Ati mama mzima, mjane, atapita kanisa akiwa kwa kitu haina mlango. Watu watasema nini?"

"Wamesema miaka kumi na tisa nikiwabeba," Karambu akasema. "Waseme sasa nikiwa nimewaacha."

Ngatia akabadilisha njia. Alijitia upole, akamgeukia Theuri kama mwanamume anayezungumza na mwanamume mwenzake, akamweleza kwamba huyu mama bado ana majonzi, kwamba familia inapanga kununua pikapu, kitu cha maana cha kusaidia kila mtu. Karambu alimsikiliza akilini mwake akimalizia: kitu ambacho mimi nitaendesha na wewe utaagiza. Hilo ndilo lililokuwa mezani siku hiyo, wala si chuma. Akirudi nyumbani bila gari lile, angerudi kuwa lori la watu mpaka siku ya jeneza lake mwenyewe, na hata siku hiyo pengine wangemwomba apitie viti.

Theuri alikuna kidevu. Alitaka kumuuzia, ilionekana wazi usoni. Lakini alikuwa ameshaumwa na nyoka wa aina hiyo. Aliwahi kumuuzia mjane mmoja mkokoteni, na wiki iliyofuata mashemeji wakamjia na naibu wa chifu wakidai ni mali ya ukoo.

"Mama, mimi siuzi kitu ya ugomvi," akasema. Akatoa karatasi ya makubaliano, tayari imeandikwa, na nafasi mbili za mashahidi chini. "Shahidi wangu ni huyu jirani wa gereji. Wako lazima akuwe mtu wa familia ya marehemu mzee wako. Huyu akiandika jina hapa, beba gari yako."

Ngatia alitoa kalamu mfukoni mwa koti. Aliitazama, akaifunika kifuniko chake pole pole, akairudisha mfukoni. Alitabasamu kama mtu ambaye amekwisha kula.

"Twende kwa ng'ombe, Mama Wendy. Saa inaenda."

Karambu aliona aibu, akaona hasira, na hasira ikashinda. Akampa Ngatia kisogo. Alikaa kwenye ukingo wa gari, akakusanya sketi yake, akazungusha miguu ndani, na hapo akawa ameketi nyuma ya usukani kana kwamba gari lile lilipimwa kwa mgongo wake.

"Fundi, chukua karatasi. Ingia."

"Tunaenda wapi?"

"Kwa mtu wa familia."

Theuri aliingia. Ngatia alishika ukingo wa gari, akatafuta kwa macho mahali pa kutia mguu wake, mbele, nyuma, katikati. Hapakuwa na mahali. Gari likanguruma, likaondoka, naye akabaki ameshika hewa.

Kwa miaka minane Theuri hakuwa amemruhusu mtu kuliendesha. Maili za kwanza alishikilia dashibodi ya mama yake kwa mikono miwili. Lakini Karambu alikuwa ameshusha lori la tani saba mteremko wa Gura kwenye tope, tena lina ng'ombe na bibi harusi, na gari hili lilimtii kabla hajaliambia. Alikata kona moja, akakata ya pili. Upepo uling'oa leso yake, akaiacha iende zake. Walipokuwa wanapanda kutoka darajani walilikuta lile lori la ushirika linajikokota mbele yao, magunia ya mkaa yamekaa juu ya mikebe ya maziwa. Karambu alilipita bila kupiga honi. Theuri alicheka, kisha machozi yakamlengalenga, akasema ni vumbi.

Murugi, mama mzazi wa Kihara na Ngatia, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake akipukuchua maharagwe. Alikuwa amepita miaka themanini. Kwenye paji la uso wake palikuwa na bonde, jembamba na laini, lililochimbwa na mkanda wa kubebea kuni tangu akiwa msichana. Ungeweza kulaza kidole ndani yake. Alilitazama gari likiingia uani, wala hakusimama.

Karambu alipiga magoti kando yake, akamweleza kila kitu bila kuuma maneno: pesa ni za jasho lake, Ngatia amekataa kuandika jina, na fundi hauzi bila mtu wa familia.

"Unataka gari ya nini?" Murugi akauliza.

"Ya kwenda tu, Mami."

"Kwenda wapi?"

"Popote. Nkubu, nione mama yangu. Ama nisiende mahali."

Maharagwe yalikuwa yametulia mapajani mwa bibi kizee.

"Haibebi kitu?"

"Haibebi kitu."

"Hata kuni?"

"Hata kuni moja, Mami."

Murugi aliinua mkono, akapitisha kidole kwenye lile bonde la paji lake, toka upande huu hadi upande ule.

"Mimi sijui kuandika," Murugi akamwambia fundi. "Niletee ile nyeusi."

Wino haukuwepo. Theuri aliinama kwenye gurudumu, akachota grisi kwa kidole, na mama mkwe akatia dole gumba lake humo, kisha kwenye karatasi, akalikandamiza kwa nguvu kama anayeua siafu. Karambu akamhesabia fundi pesa, na Murugi akaomba asaidiwe kuingia ndani ya gari.

Ngatia alifika wakati mama yake anafungwa blanketi magotini. Basi lilikuwa limemshusha barabarani, na njia iliyobaki aliipanda kwa miguu, koti begani, viatu vimekuwa vyekundu. Aliiona karatasi mkononi mwa fundi, akaiona alama ya dole.

"Mami, unajua huyu anafanya nini na mali ya Kihara?"

"Kihara hakuendesha lori," Murugi akasema. "Sogea, unazuia njia."

Ngatia alimgeukia Karambu. Pumzi ilikuwa bado haijamrudia.

"Sasa zizi nimetengeneza. Nyasi nimekata. Niambie, ng'ombe iko wapi?"

Karambu alitia mkono kwenye kiondo. Alitoa ile kamba, akaikunja vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, jinsi wafanyavyo wauzaji mnyama akishatoka mikononi mwao, akamwekea kwenye viganja.

"Imeenda," akasema. "Kamba ndiyo hurudi na mwenyewe."

Aliacha kiondo kando ya kigoda, akaketi kwenye ukingo, akazungusha miguu ndani, akawasha. Theuri alikwenda kukalia kigoda cha Murugi asubiri zamu yake ya kurudishwa mjini, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akaendelea kupukuchua maharagwe. Gari likatoka langoni na wanawake wawili ndani yake, hawana hata kikapu. Ngatia alisimama katikati ya ua na kamba yake mikononi, akaitazama mpaka vumbi likatulia.