Mbwa wa Zambarau Kwenye Mfarishi

Bamse alipokufa mwezi wa Oktoba, watu wa kanisa letu walisikitika kwa adabu, kisha kila mmoja akarudi kwake na kuacha mlango wa jikoni wazi. Mbwa yule alikuwa mwizi. Siku ya mazishi ya Orville, mzee mmoja wa kanisa letu, alibeba paja zima la nguruwe kutoka mezani, marehemu mwenyewe hajafika makaburini. Kwangu aliingia mara tatu, na mara ya tatu nilimtoa kwa ufagio mpaka barabarani, Signe akiona. Signe Haugland ana miaka saba, na mbwa alikuwa wake. Alimpenda kuliko binadamu wote, na hilo hatukumlaumu.

Februari baba yake akapata kazi Arizona. Kwetu Minnesota mtoto akihama, sisi akina mama wa Jumanne, tunaokutana chini ya kanisa la Kilutheri, humshonea mfarishi wa viraka. Wenzake wa shule ya Jumapili huchora kwa krayoni, kila mmoja kwenye mraba wake wa kitambaa cheupe, nasi tunaipiga pasi ile michoro ili nta iyeyuke, rangi izame kwenye nyuzi, isitoke tena hata mfarishi ukifuliwa miaka ishirini. Safari hii miraba ilikuwa ishirini, na mmoja aliuchora Signe mwenyewe.

Alimchora Bamse. Bamse alikuwa wa kahawia, lakini krayoni ya kahawia mbwa mwenyewe aliila mwaka juzi, kwa hiyo Signe akatumia ya zambarau. Aliikandamiza mpaka ikaisha, nta ikakaa nene kama siagi kwenye mkate. Alimzungushia ua wa kijani, na mguu mmoja wa nyuma akauchora umeinuka. Alisema Bamse anapunga mkono. Sisi tuliomjua Bamse hatukubishana naye.

Mraba ule alinikabidhi mimi, mkononi.

"Bibi Ardis, kaburi lake haliwezi kuhama," akasema. "Kwa hiyo atasafiri hivi."

Nikamwambia atafika salama. Nilisema kwa mdomo wangu huu huu.

Sasa, pasi kwetu ni ya LaVonne. Ana miaka themanini na sita, ameishika tangu mimi nikiwa mchumba wa mtu, na siku hizi macho yake yanatenganisha mwanga na giza, basi. Hakuna awezaye kumwambia aiache. Kwetu mtu hasemwi usoni, anapewa keki. Ufundi wenyewe hata mtoto anaujua: weka karatasi safi juu ya picha, bonyeza pasi kavu ya moto, inua, usiburute. Karatasi ikishanyonya nta, itupe, chukua nyingine. Lakini LaVonne alilelewa miaka ya ukame na njaa, na hajatupa karatasi tangu azaliwe. Kwake karatasi ambayo haijatoboka ni mpya.

Mraba wa kwanza kwenye rundo ulikuwa wa Signe.

Wa pili ulikuwa safina ya Nuhu ya Anders. LaVonne alipoinua karatasi ile ile, juu ya sitaha alisimama mbwa wa zambarau, mguu juu. Verna, mwenyekiti wetu, akauinamia.

"Hii ni tofauti," akasema.

Kwetu neno hilo ni zito kuliko tusi. Nilielewa kila kitu palepale, nikafungua mdomo, nikatia keki. Wa tatu ulikuwa trekta, na Bamse akawa kwenye gurudumu. Wa nne ulikuwa Mchungaji Lindquist mimbarani, na Bamse akatua penye kiatu chake. LaVonne alikuwa akiimba tenzi kwa sauti ndogo, karatasi moja mkononi, akimwaga mbwa mji mzima. Kila mraba Bamse alififia kidogo, lakini hakuna alipokosa kufika.

Ilipofika zamu ya mjukuu wangu Kari, aliyechora picha ya jikoni kwangu, nikajipa moyo.

"LaVonne, mwenzangu, hutaki kahawa?"

Akakataa mara mbili, kama inavyotakiwa. Kabla sijauliza mara ya tatu, ile ambayo mtu hukubali, alikuwa ameshabonyeza.

Verna aliitisha kikao LaVonne akiwa msalani. Mmoja akauliza kama tunaweza kufua. Akakumbushwa kwamba rangi iliyopigwa pasi haitoki, ndiyo sababu tunapiga pasi. Watoto wachore upya? Theluji ilikuwa imefunga barabara za mashambani walikokuwa watoto, na Jumapili Signe anaondoka. Gudrun akashauri mbwa wote waongezewe pembe wawe ng'ombe. Tulijadili dakika kumi nzima, tukaamua kwamba mbwa wa safina ana haki ya Maandiko, ila iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa mwenzake hakuonekana. Mwisho hoja ikapita: mfarishi ushonwe ulivyo, ukabidhiwe umekunjwa, na hakuna aliyeona kitu. Mikono saba ilipanda, wangu ukiwemo, na bado nauonea aibu.

Maana mbwa wa ziada hawakuwa shida. Shida ilikuwa mraba wa Signe. Ua wa kijani, uliochorwa kwa nta nyembamba, ulibaki, lakini nta nene ya mbwa ilikuwa imehamia yote kwenye karatasi; ndani ya ua palikuwa na doa la zambarau hafifu, na hakuna mbwa. Niliushona mwenyewe katikati ya mfarishi, nikijua nilichomwahidi yule mtoto.

Jumapili baada ya ibada tulimpa, umekunjwa. Akaukunjua palepale, juu ya meza ya kahawa, kama ambavyo mtoto yeyote angefanya, jambo ambalo sisi saba hatukulifikiria. Macho yake yalikwenda moja kwa moja katikati. Akaliona doa. Akaweka kidole juu yake, nami nikatamani sakafu inimeze.

"Ametoroka tena," Signe akasema.

Kidole kikavuka ua. Akamkuta kwa Anders, akamkuta kwenye trekta. Akamkuta penye kiatu cha mchungaji, na mchungaji, aliyekuwa amesimama karibu, akarudisha mguu nyuma. LaVonne akauliza mbwa gani huyo anayesemwa, akapewa keki. Kidole kikaendelea, nyumba hadi nyumba, mpaka kikatua jikoni kwangu.

"Kwako pia aliingia."

"Aliingia," nikasema.

"Ukamfukuza kwa ufagio?"

Akina mama wote wa Jumanne wakatazama ndani ya vikombe vyao.

"Hapana," nikasema. "Safari hii nilimwacha akae."

Signe aliinama akachunguza picha, maana hakuwa mtoto wa kuamini maneno matupu. Bamse alikuwa palepale kando ya jiko langu, mguu juu, na ufagio haukuonekana popote.

"Asante," akasema, kwa uzito, kana kwamba kweli nilikuwa nimefanya hivyo. Kisha akaukunja mfarishi polepole, mraba wa jikoni kwangu ukiwa juu, akambeba Bamse mwenyewe hadi garini.