Goti la Mama

Mume wangu watu humwita Unywele, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Mpe kifuniko cha sufuria, atakiinua kwenye mwanga na kukwambia kimepinda kiasi cha unywele mmoja. Kazi yake ni karani wa ghala, lakini akirudi nyumbani huwa hapitii sebuleni, anakwenda moja kwa moja stoo kwenye mashine yake. Mashine ni mbili kwa moja: chini inakereza chuma, na nyuma umesimama mhimili wenye kichwa cha kutobolea. Imemeza stoo nzima. Mchele na mafagio vinalala chini ya kitanda chetu. Niliacha kulalamika zamani, maana kumlalamikia mtu aliyeziba masikio ni kujikausha koo.

Mama yangu alihamia kwetu baada ya kuanguka. Ana mguu wa bandia tangu ujana wake, na matundu ya pini ya goti yalikuwa yamelika hata goti likawa linacheza, mpaka siku lilipomwachia njiani. Hospitali walisema goti la aina ile halitengenezwi tena, ajifunze mguu mpya. Akakataa.

"Nimejifunza kutembea mara mbili," alisema. "Ya tatu nitajifunzia peponi."

Kwake kuna ngazi. Bila goti zima asingeweza kurudi, na kurudi ndiko alikokutaka. Mimi nilitaka abaki. Nilikuwa nimechoka kushtuka kila simu ilipolia.

Unywele akasema goti atalitengeneza yeye: atayachonga matundu yawe duara tena, asukumie ndani bushi, yaani vipete vya shaba vya kushika pini, kisha akereze pini mpya. Jioni Mama alikuwa akikaa mlangoni pa stoo kumtazama.

"Mgeni siku ya tatu mpe jembe," alimwambia. "Mimi mmenipa kiti."

Goti lile lina masikio mawili ya chuma yanayoelekeana, na pini hupita yote mawili. Unywele alililaza kwenye meza ya mashine, chini ya kichwa cha kutobolea, akachonga sikio la juu, likatoka safi. Kisu hakikufika la chini, hivyo akalegeza kichwa cha mashine na kukishusha. Mhimili wa mashine hizi ni wa mviringo. Ukilegeza, kichwa huzunguka kidogo bila jicho kuona, na lazima upime upya. Hilo hata mimi nalijua, kwa kuambiwa kila siku wakati wa kula. Lakini jioni ile Mama alikuwa akisimulia visa vya jirani yake, na Unywele alikuwa anacheka. Akachonga bila kupima.

Pini ya kujaribia ikapita sikio la juu, ikagonga la chini: matundu yamepishana. Akazima mashine, akanifuata jikoni.

"Mwambie imeshindikana," nilimnong'oneza. "Akae hapa. Hapa ana shida gani?"

"Haijashindikana. Nimekosea."

"Kwa Mama si yale yale?"

"Kwangu siyo."

Akarudi kwa Mama. "Mama, nimeharibu. Nilishusha kichwa, sikupima tena."

Mama akaligeuza goti mikononi. "Yamepishana unywele?"

"Nywele tatu."

"Basi huo ni msuko," Mama akasema, akacheka peke yake.

Ilibaki njia moja. Akalifunga goti upande wa kukereza, akapitisha ndani ya masikio yote mawili fimbo ya chuma yenye kisu kidogo, ikashikwa ncha zote mbili. Hivyo matundu yasingeweza kupishana. Lakini ilibidi yapanuliwe zaidi, na ukuta wa chuma uliobaki ulikuwa mwembamba. Likipasuka, hakuna lingine.

Mara hii Mama hakusimulia kitu. Kisu kilikwenda polepole, na mimi nilisimama nikitamani lipasuke. Halafu nikaona jinsi Mama alivyokuwa amefumba macho, midomo ikimcheza, nikaona haya.

Halikupasuka. Unywele akasukumia bushi, akaendelea kuipunguza pini kidogo kidogo, akijaribu na kuitoa, mpaka ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Mama akavaa mguu wake. Akatembea ukumbini, akashuka ngazi za nje, akapanda, akashuka tena bila kushika ukuta.

"Begi langu liko wapi?" akauliza.

"Mama, subiri kesho basi."

"Kesho nitakuwa kwangu."

Unywele akaenda kulichukua begi. Mimi nikabaki nimemshika Mama mkono, na sikutaka kuuachia.

"Ulitaka nikae. Najua," Mama akasema. "Nitakuja kukutembelea. Lakini mtu hatembelei mahali asipoweza kuondoka."

Nikamfungulia geti huku nalia, naye hakuniambia ninyamaze.