Baridi ya Lushoto

Mjukuu wangu Latifa hatoki jasho. Ndivyo alivyozaliwa. Akikaa kwenye joto, mwili wake unachemka na hauna njia ya kupoa. Alipokuwa mdogo alishikwa na degedege pale stendi ya Mombo, na daktari akatuambia mtoto huyu akae milimani, na kama lazima ashuke, basi ashuke kwenye gari lenye AC. Ndiyo maana mama yake, binti yangu Mariamu, alikuwa akifanya kazi Tanga, na mimi nikilea hapa Lushoto.

Asubuhi ile binti yangu mwingine, Halima, alinipigia simu kutoka hospitalini Tanga, alikokuwa akimuuguza Mariamu.

"Mama, mlete Latifa. Dada anamwulizia kila akizinduka. Madaktari wamesema tusingoje kesho."

Nikaenda kwa Zuberi, mdogo wa marehemu mume wangu, mwenye Noah.

"Shemeji, AC ya gari lako ni nzima?"

"Mpya kabisa! Tangu ninunue sijaibonyeza hata siku moja. Huku niibonyeze ya nini, nigande?"

Mimi si mtu wa kuridhika na maneno. Nilimwambia awashe, nikaweka kiganja kwenye tundu la upepo. Baridi ikanipanda hadi kwenye kiwiko. Nikasema alhamdulillahi. Nikampakia Latifa, na ndoo ya maji, na kanga za kulowesha.

Tukipita Soni upepo ulikuwa mzuri bado. Kwenye zile kona za kuteremkia Mombo ukawa vuguvugu. Tulipofika chini, matundu yalikuwa yanatupulizia pumzi ya jikoni.

Tukampata fundi, Hashimu, kando ya barabara kuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuna mtoto hawezi joto. Tazama haraka."

Akataka injini iungurume na AC iwashwe, akainama chini ya boneti.

"Puli, hili gurudumu la mkanda, inazunguka, lakini hiki kisahani cha mbele kimelala. Kilitakiwa kiruke, ta! kiikamate." Akaangalia fyuzi, nzima. Akabonyeza mdomo wa bomba la gesi, hata mlio haukutoka. Akapitisha kidole nyuma ya puli, kikarudi na mafuta meusi. "Gesi imeisha. Sili ya kompresa, ule mpira unaozuia gesi isitoke, imekauka, inavuja. AC hii haiwashwi?"

"Nimeitunza," Zuberi akasema.

"Nyinyi watu wa milimani! AC mnaiweka kama sahani za wageni kabatini. Sili inalainishwa na mafuta yanayozunguka AC ikifanya kazi. Ukiilaza miaka, inakufa."

"Lakini Lushoto ilitoa baridi. Shemeji kaishika kwa mkono wake!"

"Kaka, ile baridi haikuwa ya gari. Ni ya Lushoto. Feni ilikuwa inavuta hewa ya nje tu, inawarudishia."

Nikakitazama kiganja changu.

Sili ya gari lile Mombo hapakuwa nayo. Hashimu alikuwa na gesi kidogo. "Nitaijaza, lakini itavuja. Huenda mkafika." Kisahani kikaruka, ta! Latifa akabandika shavu kwenye tundu, akacheka. "Bibi, baridi!" Nikaanza kusoma dua, na tukaondoka.

Hatukufika hata Korogwe. Katikati ya mashamba ya mkonge upepo ukageuka moto. Nilimfunika Latifa kanga mbichi. Zikapata joto mwilini mwake kama zimetolewa kwenye chungu. Uso ukawa mwekundu. Nikamwita, akafumbua macho bila kunitazama.

"Tusimame kivulini, tungoje jua lizame," Zuberi akasema.

Nikampigia Halima. Alisema neno moja tu: "Dada hafiki jioni, mama."

Mmoja alikuwa wa kuagwa, mmoja wa kuokolewa. Wa kuagwa ndiye niliyemzaa.

"Geuza gari."

"Shemeji..."

"Geuza, Zuberi."

Nikamwambia Halima amwekee dada yake simu sikioni. Latifa hakuweza kusema. Nikaisogeza simu mdomoni kwake, Mariamu asikie hata pumzi za mwanawe. Kule upande wa pili nilisikia pumzi nyingine, nzito, zinachelewana. Nikaubana mdomo wangu, nisije nikazifunika. Kisha simu ikakatika.

Tulikuwa tumeanza kupanda mlima Halima alipopiga tena. Alikuwa analia tu, na mimi nikajua. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Zuberi akaendesha huku machozi yakimshuka, bila kuyafuta. Hakuna aliyekumbuka kuizima ile AC.

Karibu na Soni upepo ukaanza kupoa, kidogo kidogo, hadi ukawa baridi kabisa. Latifa akajinyoosha mapajani mwangu. Akaomba maji, akanywa. Kisha akapeleka kiganja kwenye tundu, kama alivyoniona mimi nikifanya asubuhi, akakiacha pale.

"Bibi, imepona! Mwambie babu Zuberi tugeuze, twende kwa mama."