Taa Isiyozimika

Mchimba visima anayeogopa giza, umeona wapi? Basi Hasani alikuwa huyo. Miaka ishirini na saba, mabega ya kubebea gunia la mahindi huku anapiga soga, lakini kibatari kikizimika tu kisimani, mtu anapanda kamba kama paka aliyemwagiwa maji. Akifika juu anakaa chini, anahema, anasema, "Leo basi. Tutaendelea kesho." Na anayebaki kumkabili mwenye kisima na kutafuta uongo wa kumwambia ni mdogo wake, Abdulwahab, mshika kamba.

Abdulwahab alikuwa amechoka. Tuseme ukweli, kilichomchosha si kazi, ni aibu. Ndugu hawa walitoka milima ya Kondoa, wakaja Dodoma watu walipoanza kujenga Msalato kama wamekatazwa kulala: nyumba zinaota kila kukicha, bomba la maji bado. Kazi ya visima waliirithi kwa baba yao, na woga nao ulitoka hukohuko. Mzee yule aliwaambia tangu wangali wadogo kwamba kila kisima kina mwenyewe, anakaa gizani, na moto haupendi. Teremsha kibatari kwanza. Akikizima, hujakaribishwa. Ukiwa ndani akikizima, amekuja, toka. Sururu iache, ndoo iache, toka. Mwenyewe huyo ana sura gani, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mzee alichimba miaka arobaini, akafa kitandani kwake kwa uzee.

Hasani aliyaamini maneno yale kwa moyo wake wote. Abdulwahab alisoma hadi kidato cha nne, na jini la kuzima vibatari alikuwa ameachana nalo darasa la sita. Mwaka huo peke yake kaka yake alikuwa ameshakimbia mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa Nzuguni, akatoka kisimani na kiatu kimoja, na mafundi wa nyumba ya jirani wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Na wewe utaoa kweli?" Abdulwahab alimuuliza jioni ile. "Bibi harusi akizima taa, si utatoka mbio na shuka?"

Hasani akacheka naye. Hakuwa mtu wa kununa. "Kwa mwoga huenda kicheko," alijibu, akaendelea na ugali wake.

Ndipo Abdulwahab akanunua taa. Ilikuwa ya kufunga kichwani, ya betri, kama zile wanazovaa wachimba madini. Akamwashia kaka yake usoni mpaka akafumba macho. "Hii upepo hauizimi, vumbi haliizimi," akamwambia. "Na huyo mwenyewe wa gizani akitaka kuipuliza, atapasuka mashavu."

Jumamosi moja asubuhi walirudi Msalato kwa dada Lea, mtumishi wa wizara mojawapo, ambaye nyumba yake ilikuwa inapigwa lipu. Kisima chake walikuwa wamekifikisha futi thelathini na tano, wakakisimamisha kwa wiki tatu mwenye nyumba aliposafiri. Walikuwa wamekifunika kwa mbao na turubai, na udongo juu yake, mbuzi wa watu wasije wakatumbukia. Wakafukua, wakafunua. Jua lilikuwa kali tayari, ila kule chini hakukuonekana kitu.

"Kibatari kiko wapi?" Hasani akauliza.

"Kimebaki nyumbani. Cha nini tena, nawe una taa?"

Kilikuwa kimebaki kweli. Ila hakikusahauliwa, Abdulwahab alikisukuma kwa mguu wake mwenyewe chini ya kitanda, asubuhi ileile, akafunga mlango.

"Baba hakushuka hata siku moja bila kuteremsha moto," Hasani akasema.

Lea alikuwa anakuja na chupa ya chai na sahani ya maandazi. Akasimama. "Fundi, kumbe ni kweli unaogopa giza? Mimi nilidhani wananitania." Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. Lakini Cornel, fundi lipu, aliangua kicheko huko juu ya jukwaa lake, na Abdulwahab akaona masikio yake mwenyewe yanawaka kwa aibu. Akaitoa taa mfukoni, akamvisha kaka yake kichwani kama anavyovishwa mtoto kofia.

Hasani alimtazama. "Nikikuita, univute."

"Lini sikukuvuta?"

Akashuka. Mwanga ukashuka naye, ukizungukazunguka ukutani, mweupe pe, na Abdulwahab moyo wake ukafurahi jamani, ukafurahi kupita kiasi. Alijiona amemponya kaka yake ugonjwa wa miaka.

"Huku kuna joto," sauti ya Hasani ikatoka chini.

"Chimba. Joto ndiyo kazi."

Sururu ikalia. Ikalia tena, na tena. Halafu ikanyamaza.

Abdulwahab akachungulia. Taa inawaka vizuri. Hasani ameketi, ameegemea ukuta, sururu iko miguuni, kidevu kimeangukia kifuani. Abdulwahab akacheka. "Njoo uone, dada Lea. Jana alikuwa anaogopa giza, leo amelala humohumo."

Lea naye akachungulia. "Muache apumzike, maskini. Kunywa chai."

Na Abdulwahab akanywa. Hakuna aliyeogopa, kwa sababu mwanga ulikuwepo na mtu alikuwa anaonekana. Alikunywa kikombe kizima, akala na andazi moja, akalimaliza. Baadaye angelihesabu andazi lile tonge kwa tonge.

Alipoinuka akaita. Kimya. Akatupa kijiwe, kikampata Hasani begani, bega lisitikisike.  Akajifunga kamba kiunoni, akamwita Cornel, akawaambia yeye na Lea washike kwa nguvu, akashuka. Alipopita katikati, kifua kikambana. Hakukuwa na harufu, hakukuwa na moshi, ila miguu haikuwa yake tena. Kaka yake alikuwa chini yake, anaonekana kila kitu: macho wazi, mdomo wazi, vumbi kwenye kope. Alitaka kumwita, na jina halikutoka. Alipofumbua macho alikuwa amelala juu ya udongo, Lea anammwagia maji, Cornel bado ameshika kamba.

Zimamoto walikuja na mitungi ya hewa mgongoni. Mkuu wao, mama mmoja aliyeitwa Yasinta, alichuchumaa karibu naye huku wenzake wakimtoa Hasani.

"Shimo lilifunikwa muda gani?"

"Wiki tatu."

"Mliteremsha moto kabla ya kushuka?"

Abdulwahab akatikisa kichwa.

"Hewa mbaya inatulia chini," mama yule akasema, bila kumgombeza. "Huioni, huinusi. Ila moto unaanza kuzimika kabla mtu hajaanguka. Wachimbaji wa zamani wote wanajua hilo. Betri haijui."

Abdulwahab alibaki amekaa palepale, maji yakimchuruzika shingoni. Mara tatu mwaka huo. Mara tatu kaka yake alikuwa ametoka mikononi mwa mauti, kafika juu anahema, na mtu wa kwanza kumcheka alikuwa yeye.  

Hospitali ilimaliza uchunguzi wake, na kesho yake adhuhuri gari la maiti likaingia Kondoa. Dada yao, Mishi, alikuwa ameshampa mama yao, Bi Rukia, habari. Bi Rukia alikuwa ameketi jamvini katikati ya wanawake, macho makavu. Akampungia Abdulwahab mkono, naye akapiga magoti mbele yake, na mama akamshika kiganja.

"Wananiambia kisimani."

"Ndiyo, mama."

"Wamekosea mtu. Hasani hafi kisimani. Yule ni mwoga." Alisema kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto. "Baba yako alimtia woga ule kwa makusudi. Nikamgombeza, nikamwambia unaniharibia mtoto. Akaniambia, muache hivyohivyo, huyu ndiye atakayekuzika. Moto ukizimika, Hasani haokoti hata kiatu. Sasa nieleze wewe, ulikuwepo. Hakukimbia?"

"Hakukimbia, mama."

"Kwa nini mwanangu hakukimbia?"

Angeweza kusema ni kazi ya Mungu, na jamvi zima lingeitikia. Wanawake walikuwa wanangoja aseme hivyo.

"Taa haikuzimika," Abdulwahab akasema. "Nilimnunulia isiyozimika. Kibatari nilikificha, mama. Nilikuwa naona aibu watu wakimcheka."

 Bi Rukia akauachia mkono wake, akajifunika kanga usoni.