Chai ya Flora

Flora alitia pua ndani ya hori la turubai, akanusa maji, akainua kichwa na kumtazama askari wake, Lachie Dunnett, kama mama mkwe aliyetengewa chakula cha jana. Hakunywa. Hii ilikuwa siku ya pili.

Maji ya visima vya Sinai yana chumvi, hilo halina ubishi. Farasi wengine wa rejimenti walipiga chafya, wakakunja midomo, mwishowe wakanywa, kwa sababu kiu ni kiu. Lakini Flora alizaliwa Southland, upande wa pili wa dunia, kwenye shamba la kina Dunnett, na mto wa huko unashuka kutoka kwenye theluji. Habari za visima hakutaka kuzisikia.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema Gudgeon, jibaba la sharubu nyekundu, huku farasi wake akigugumia kando. "Mwambie huyo malkia wako vita havina hoteli."

"Mwambie mwenyewe. Anakudharau kuliko anavyonidharau mimi."

Kapteni Orbell, daktari wa farasi, hakuwa na mzaha. Alibana ngozi ya shingo ya Flora, akaiachia, nayo ikabaki imesimama, dalili ya kukaukiwa maji. "Kesho asubuhi namtazama tena," alisema. "Akinywa, twende naye. Asipokunywa, afungwe kamba na farasi wagonjwa, arudishwe kwenye Mfereji wa Suez."

Dunnett alipiga saluti. Farasi waliorudishwa Suez hawakuonekana tena. Waliopona waliuzwa Kairo wakavute mawe. Flora alizaliwa mikononi mwake. Siku ya kujiandikisha walikwenda wote wawili, yeye na farasi wake, na alimwapia mama yake kwamba watarudi wote wawili.

Katika rejimenti watu waliishi wannewanne. Wanne chungu kimoja, wanne mstari mmoja wa blanketi, na risasi zikianza, watatu wanashuka kupigana na wa nne anabaki kushika farasi. Wa Dunnett walikuwa Gudgeon, Tolley na Hislop. Jioni, baada ya kusugua farasi na kuwavika mifuko ya nafaka, Gudgeon alichemsha chai kwa mgao wa maji matamu yaliyoletwa na ngamia. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Dunnett alikohoa. "Nyumbani mama alikuwa akimpa Flora masalio ya chai tukimaliza kukamua. Aliyapenda kufa. Nataka chai yangu nimpe."

"Chai yako hiyo hapo."

"Nataka na zenu."

Tolley alilitazama kopo lake, akahema, akalisukuma mbele. Hislop naye akatoa lake, akisema wamwandikie jina lake kwenye kaburi la wajinga. Gudgeon alilikumbatia la kwake kifuani.

"Ng'o!"

"Gudgeon, wewe binadamu kweli?"

"Binadamu, ndiyo maana nakunywa chai. Yule ni farasi!"

Akawapa mgongo, akainywa yote, taratibu, kwa sauti. Dunnett aliumia. Aliamini mtu aliyekula nawe miezi yote hiyo hawezi kukunyima kopo la chai.

Flora alikunywa makopo mawili kwa pupa. Chai kidogo ya la tatu Dunnett aliikoroga na maji ya kisima; Flora akainusa, akageuka. Basi Dunnett akaitia chai tupu iliyobaki kwenye chupa yake, akailaza kichwani pake kama mto.

Asubuhi walitoa lijamu vinywani mwa farasi, wakawapanga kwenye hori. Dunnett akamwaga chai kidogo horini mbele ya pua ya Flora. Kapteni Orbell akasimama.

"Nini hicho?"

"Chai, afande."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi, afande."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Kapteni naye alikaribia kucheka, akajizuia. "Kijana, huko mbele nani atamchemshia? Funga chupa yako. Anywe kama wenzake."

Flora akanusa. Akainua kichwa. Kapteni akageuka kumwita mwenye kamba ya wagonjwa.

Hapo Gudgeon akavua kofia. Alipiga magoti kati ya Flora na farasi wake mwenyewe, akatumbukiza uso mzima horini, akanywa. Alikunywa maji yale ya chumvi kwa mafunda makubwa, kwa kelele za nguruwe, akainuka sharubu zikichuruzika.

"Tamu!" alimfokea Flora. "Tamu kuliko ya kwenu! Baki na ubishi wako, nayamaliza mimi!"

Akainama tena. Flora akalaza masikio. Akamwuma Gudgeon bega, akamsukuma kwa kichwa hadi akaanguka chali mchangani, kisha akatia pua palepale Gudgeon alipotoa uso, akanywa. Kama ni wivu au ni kiu, anajua mwenyewe. Koo lake lilipanda na kushuka, na watu walisimama kumwangalia hadi alipotosheka.

"Huyo tunakwenda naye," alisema Kapteni Orbell, akaendelea na mstari.

Gudgeon alikuwa nyuma ya ngamia, akitapika. Dunnett alimfuata, akamfungulia chupa ya chai. Machozi yalimtoka Dunnett, wala hakuona haya.

"Kwa nini jana ulininyima?"

"Chai yangu ni chai yangu," alisema Gudgeon, akapiga funda, akatapika tena.

Siku ile walipanda farasi kuelekea mashariki tangu jua la asubuhi hadi lilipozama. Gudgeon alijikunja juu ya tandiko kwa maumivu ya tumbo, na Dunnett akambebea bunduki njia nzima.