Swali la Raudha Katika Somo la Majaribio

Mwalimu Saburi alifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja katika shule za Kisarawe, na hata baada ya kustaafu na kurudi kwenye mikorosho yake kule Masaki ya Kisarawe, hakupata kuvaa shati lisilopigwa pasi. Mjukuu wake Mboni alipoitwa kufundisha somo la majaribio katika sekondari moja ya binafsi nje kidogo ya Mlandizi, mzee alikosa raha wiki nzima. Nafasi ilikuwa moja, waombaji wanane, na Mboni alikuwa ametimiza mwaka wa tatu tangu amalize chuo bila kupata ajira.

Mada aliyopangiwa ilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, "put up", maana zake na matumizi yake.

"Utaandika ubaoni maana nne," mzee aliagiza, amesimama wima barazani kana kwamba mkaguzi yuko mlangoni. "Kusimamisha jengo. Kubandika tangazo. Kumpa mgeni malazi. Na ikiongezwa 'with', kuvumilia. Watanakili, watakariri, kisha utawauliza."

"Babu, ulikuwa unafundisha Kiingereza au kwata?"

"Vyote viwili, na walifaulu. Sasa sikiliza jambo kubwa. Mwanafunzi akikuuliza usichokijua, mwambie hilo atalikuta kidato cha tano. Kamwe usitamke kwamba hujui. Siku utakayotamka, darasa limekuponyoka."

Mboni aliinamisha kichwa.

Ijumaa, mkuu wa shule, Mwalimu Elinipa, mama wa maneno machache, alimruhusu mzee akae dawati la nyuma kwa heshima ya kazi aliyoifanya. Yeye mwenyewe alikaa pembeni na karatasi yake ya alama.

Mboni hakugusa chaki. Aliwapa wanafunzi wanne kitenge na mipini miwili ya mafagio, wakasimamisha hema katikati ya darasa huku wakieleza kwa Kiingereza walifanyalo. Mwingine akabandika tangazo ukutani kwamba hema lina nafasi ya mgeni mmoja. Kijana mrefu akapiga hodi, akaomba alazwe usiku mmoja tu.

"Anakoroma huyo, Madam!" mmoja akapaza sauti, na darasa likaangua kicheko.

"Liseme kwa Kiingereza," Mboni akamjibu.

Mtoto akafikiri kidogo, kisha akasema bila kukosea kwamba asingeweza kuvumilia mkoromo ule, na "put up with" ikakaa mahali pake pasipo kuelekezwa.

Mzee alijikuta ameinama mbele. Wanafunzi wake mwenyewe walihitaji juma zima na viboko kadhaa kufika hapo, tena hawakupata kucheka.

Ndipo msichana wa dawati la mbele, Raudha, akanyoosha mkono.

"Madam, baba yangu anapakua mizigo bandari kavu ya Kwala. Juzi aliwaombea wenzake mapumziko ya mchana yaongezwe. Msimamizi wao, raia wa kigeni, akamwuliza, 'Who put you up to this?' Baba hakuelewa, akanyamaza. Leo atamwona tena jioni. Ni maana ipi kati ya hizi?"

Mwalimu Elinipa aliinua kalamu. Mzee alipekua kichwa chake chote, asiambulie kitu. Kidato cha tano, aliomba kimoyomoyo. Sema kidato cha tano.

"Sijui, Raudha," Mboni akasema. "Nina hakika si hata moja kati ya hizi nne. Lakini maana yake siijui, na sitaki baba yako ajibu kwa kubahatisha kwangu." Akatazama nyuma. "Babu yangu alianza kufundisha lugha hii kabla sijazaliwa. Mwalimu Saburi, wewe unaijua?"

Vichwa arobaini viligeuka. Mwaka wa themanini na nne mzee aliwahi kuulizwa swali la namna hiyo, akabuni jibu. Darasa zima lililiandika madaftarini, na wapo walioingia nalo kwenye chumba cha mtihani. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Hata mimi sijui," alisema. "Na mwalimu wenu amefanya vema kuliko nilivyomfundisha."

Hakuna aliyecheka. Raudha peke yake aliuliza, "Basi mtatuambia saa ngapi?"

Ofisini, Mwalimu Elinipa alisukuma mkataba mbele ya Mboni. "Wiki hii nimewasikiliza walimu saba. Wote waliulizwa maswali, na wote walijua kila kitu. Wawili walijua uongo. Saini hapa."

"Naomba kwanza kamusi, Mwalimu. Mapumziko ya wanafunzi yanakaribia kwisha."

Mkuu wa shule alimtazama mzee. Mzee akatazama dari ili furaha yake isionekane. Kamusi nene ikashushwa kabatini. Mboni akafunua, akashuka na kidole, akasoma mara mbili: kumchochea mtu atende jambo. Yule msimamizi alikuwa ameuliza, nani aliyekutuma kufanya hivi?

Akatoka mbio.

Kupitia dirishani mzee alimwona amesimama uani na Raudha, msichana akiandika kiganjani, kisha akijaribu kutamka jibu la baba yake, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa sauti iliyofika mpaka ofisini: "Nobody, sir. Nobody put me up to it."

Mkataba ulibaki mezani, kalamu juu yake, na mzee hakuona sababu ya kumwita.